Mama Fundi, nijenge uwanja wa kikapu nyuma ya nyumba?

SWALI

Mama Fundi, hujambo? Nina robo ekari Lang'ata, na nyuma ya nyumba imebaki nafasi ya mita 14 kwa 12. Vijana wangu wawili wa miaka 14 wanarusha mpira wa kikapu kwenye geti hadi bawaba zimelegea, na dada yao wa miaka 9 ameanza kuwaiga. Mkandarasi ameniambia ataparura nyasi, amwage konkriti ya inchi tatu, apige niru (saruji laini ya kung'arisha), apake rangi ya buluu, na baada ya wiki mbili watoto wacheze. Kuna mparachichi kwenye kona, na tangi la maji taka liko karibu na ukuta wa jirani. Niendelee?
Baba Tatu, Lang'ata

JIBU

Sijambo, Baba Tatu. Kabla hujampa huyo bwana hata shilingi ya kwanza, shika jembe uchimbe shimo la kina cha mita moja katikati ya hiyo nafasi. Ukikuta udongo mwekundu au murram, shukuru Mungu. Ukikuta ule mweusi, unaonata kwenye gambuti mpaka mguu unakuwa mzito kama wa tembo, basi hesabu ya mkandarasi wako haina maana tena. Na Lang'ata mweusi huo haukosekani.

Nakwambia haya nikiwa na kovu. Mwaka 2011 nilikuwa nasimamia ujenzi wa nyumba za watu mchana kutwa, halafu kwangu, upande wa Embakasi, nikamwachia mtu afanye vivyo hivyo ulivyoahidiwa wewe. Alimwaga Februari. Mvua ya Aprili ilipokolea, kingo za slabu zilinyanyuka kama chapati iliyokauka na ufa ukapita kutoka nguzo hadi upande wa pili. Mwanangu aliangusha sarafu ya shilingi kumi humo na hatukuiona tena. Mpira ukidunda pale unakwenda unakotaka wenyewe. Wanangu wakaupa ufa jina la Bonde la Ufa, wakawa wanawavutia wageni huko makusudi ili wapoteze mpira. Mkandarasi alipopigiwa simu alisema ni mapenzi ya Mungu.

Mapenzi ya Mungu hayakuwemo. Udongo ule ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa. Chini ya slabu, maji hufika kwanza kingoni huku katikati kukiwa bado kukavu, kwa hiyo kingo husukumwa juu. Kiangazi mambo hugeuka. Konkriti ya inchi tatu isiyo na chuma haihimili mchezo huo misimu miwili.

Dawa ni kuuondoa. Chimba hadi ufike kwenye tabaka gumu, kisha ujaze murram kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe kwa mashine na si kwa miguu ya vibarua. Juu yake mawe, nailoni nzito, wavu wa chuma, kisha konkriti ya sentimita 10. Ikiwa udongo mweusi umeshuka sana, kuubeba kwa malori kutakugharimu kuliko uwanja wenyewe. Hapo ningekushauri utandaze kabro, yaani vipande vya konkriti vya kupanga chini, juu ya murram iliyoshindiliwa. Mpira hautadunda vizuri hivyo, lakini pakititia unang'oa vipande, unasawazisha, unavirudisha.

Sasa vipimo. Uwanja kamili wa kikapu ni mita 28 kwa 15, usahau. Hata ule wa watatu kwa watatu, unaochezwa Olimpiki tangu Tokyo, ni 15 kwa 11. Wewe jenga 12 upana na 10 urefu, na mita 4 zinazobaki ziwe za mparachichi na tangi. Mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 kutoka ringini, kwa hiyo mbele utaenea. Pembeni utakatika, na sidhani kuna atakayelia. Kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne (saruji, mchanga, kokoto), tayarisha mifuko kama 80 ya saruji ya kilo 50. Mkandarasi akikutajia 40, muulize mingine imekwenda wapi.

Slabu iinamie upande mmoja, sentimita moja kwa kila mita. Kwa upana wako ukingo mmoja utakuwa juu ya mwenzake kwa sentimita 12. Jicho halitaona, maji yataona. Yapokee kwa mtaro wako mwenyewe, yasiingie kwa jirani.

Niru kataa kabisa. Inapendeza sebuleni, lakini ikilowa ni sabuni. Konkriti ikianza kushika, apitishe ufagio mgumu juu yake ili iwe na mkwaruzo. Kesho yake akate viungo, yaani mifereji myembamba juu ya slabu, kila mita tatu, maana konkriti lazima ipasuke na ni heri uichagulie pa kupasukia. Mwagilia siku saba, asubuhi na jioni. Rangi ya akriliki ingoje siku 28, kwa hiyo zile wiki mbili ni hadithi.

Ringi iwe upande wa kaskazini au kusini. Nairobi jua huchwea magharibi mwaka mzima bila kuhama sana, na watoto hucheza saa kumi na moja, jua likiwa usawa wa macho. Kati ya pande hizo mbili, chagua iliyo mbali na dirisha la chumba cha kulala cha jirani. Ongea naye mapema, na uulize kaunti na chama cha wakazi kuhusu kibali. Kanuni za kelele za 2009 huhesabu usiku kuanzia saa mbili, na mpira kwenye konkriti husikika mbali.

Usijenge juu ya tangi. Siku lori la kunyonya litakapokuja utavunja ulichojenga. Mparachichi uache, ila pogoa matawi yanayoning'inia upande wa uwanja. Parachichi lililopondeka chini ya kiatu linateleza kuliko niru.

Kwa binti yako, nunua nguzo inayoshuka. Wakubwa hucheza ringi ikiwa mita 3.05, watoto wadogo 2.60. Kaka zake watalalamika kuipandisha na kuishusha, wazoee.

Shimo lichimbe Jumamosi hii, kisha niandikie umekuta udongo wa rangi gani.