Kuchagua chuo cha umma: tazama nafasi na chumba

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wadogo zangu na rafiki zao huniuliza: chuo gani ni rahisi kupata, na kipi nafuu? Mimi nimesoma Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), mdogo wangu kasoma UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), na bajeti zetu zote mbili nazijua. Nawaambia waache kupambanisha majina ya vyuo. Linganisheni kozi kwa kozi.

Fungueni kitabu cha mwongozo cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Wengi huishia kwenye vigezo: wakiona prinsipo 2 (masomo mawili yaliyofaulu kwa kiwango cha kidato cha sita) zenye jumla ya pointi 4, wanajihesabu wamepata. Hapo umeruhusiwa kuomba tu. Sogeza macho mpaka safu ya nafasi. Udaktari pale chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, mwenye D tatu za fizikia, kemia na baiolojia anaruhusiwa kuomba, ila anagombania viti vichache na wenye A na B. Huyo naomba aitazame SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) kwa moyo wote, asiione kama chuo cha waliokosa. Na kwa kuwa tangu 2017 maombi yanakwenda chuoni moja kwa moja, si kupitia TCU, usiweke machaguo yote kwenye kozi zenye ushindani mkali.

Kwenye gharama, ada isikusumbue sana: kozi nyingi za vyuo vya umma ni kama shilingi milioni 1 hadi 1.5 kwa mwaka. Panapouma ni chumba. UDOM ina mabweni mengi, na mdogo wangu alilala bwenini mpaka anamaliza. Mlimani ukikosa hosteli za Mabibo au za Magufuli, unakwenda kupanga Sinza au Changanyikeni, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, bumu lenyewe (pesa ya kujikimu ya mkopo) halijaingia. Bumu likiwa 10,000 kwa siku, mwezi mzima ni 300,000, chakula na malazi humohumo. Mtoto ambaye nyumbani hawana cha kumwongezea, kodi hiyo inamlaza njaa. Nimewaona.

Hesabu na miaka pia. Uhandisi ni miaka 4, ualimu 3; mwaka mmoja zaidi ni deni zaidi, na Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wako mpaka liishe.

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, kabla hujathibitisha, piga simu ofisi ya mshauri wa wanafunzi uulize: mwaka wa kwanza wote wanapata chumba?