Walezi tusinyamaze kwa kuogopa watamchukua mtoto

Swali lenu la wiki hii ni mzazi mlezi afanyeje akiona mtoto aliyepewa kulea hatunzwi vizuri, iwe shuleni, kliniki ama kwa ndugu zake wa damu. Mi nalea hapa Arua, Uganda, mtoto niliye naye aliletwa na ofisi ya probesheni, ile ya ustawi wa jamii wilayani, na ninachokiona kwa walezi wenzangu ni kwamba shida tunaijua kabisa ila tunanyamaza, tunaogopa tukilalamika ofisini watasema huyu mama msumbufu halafu wamchukue mtoto. Shida inakua mpaka siku inalipuka, na hapo ndo unaulizwa mbona hukusema mapema.

Afisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya yupo kwa ajili hiyo hiyo, kumfuatilia mtoto akiwa kwako ni kazi yake, hujamwomba fadhila. Mpelekee wasiwasi ukiwa bado mdogo.

Lakini uende na kitu mkononi. Mtoto wetu alianza kukataa shule, leo tumbo, kesho kichwa, basi nikachukua daftari nikawa naandika tarehe, alichosema kwa maneno yake mwenyewe, na alama nilizoziona miguuni. Sikumhoji, manake ukimuuliza mtoto mdogo "mwalimu kakupiga eti?" atasema ndio ili umwache, we muulize tu "leo shule ilikuaje" halafu unyamaze usikilize. Kisha nikaenda kwa mwalimu wa darasa, bila mtoto, saa ambayo hana wanafunzi mbele yake, nikamwambia nyumbani naona hivi na hivi, wewe unaona nini huku? Akaniambia mwenyewe kwamba wanaochelewa wanachapwa. Nikapanda kwa hedimasta, nikamwambia kwa heshima kwamba marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yamekataza viboko shuleni, na huyu anachelewa kwa sababu asubuhi usingizi unamkamata, wala si ukaidi. Tukakubaliana akichelewa wanipigie simu, tukaandika, nakala nikapeleka probesheni. Kuchapwa kukaisha, na shule akarudi kuipenda pole pole.

Jambo lingine ambalo linaniuma sana ni siri ya mtoto. Makamu mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ndiye katibu wa mambo ya watoto kijijini, na kwa ugomvi wa majirani ama ndugu anasaidia kweli, ila kama mtoto anakunywa ARV, dawa za kupunguza makali ya HIV, hilo ni la kliniki na la probesheni, sio la kikao cha kijiji watu wote wakisikia. Tuseme mtoto ametoka kumtembelea shangazi na vidonge vimerudi vile vile, usianze kupiga kelele kwamba ndugu hawamjali. Pengine shangazi hakuonyeshwa saa ya dawa, pengine mtoto alizificha kwa aibu ya binamu zake. Omba probesheni awakalishe nyinyi wawili faragha, muulizane, mpange dawa atampa nani na saa ngapi, kwa sababu ndugu wale mtoto atawahitaji hata akiwa mtu mzima, usimkatie njia kwa hasira yako.

Sasa hayo yote ni ya shida za kawaida. Mtoto akinajisiwa ama akipigwa vibaya hakuna cha kuanza na mwalimu wala shangazi, siku hiyo hiyo nenda polisi kitengo cha watoto na familia au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, na mfikishe hospitali. Usimwogeshe, usifue nguo zake. Dawa ya kuzuia HIV inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndo bora. Wazee wakija wanasema tumalize nyumbani kwa faini ya mbuzi, kataa, hata kama ni wazee unaowaheshimu sana.

Na ofisi ikikaa kimya? Andika barua, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, ukiona bado panda kwa ofisi ya CAO, afisa mkuu mtendaji wa wilaya. Mahakama ya familia na watoto pia ipo. Katikati ya hayo yote mwambie mtoto, kwa maneno ya umri wake, kwamba ulichoambiwa umekifikisha kwa nani na nini kitafuata, asije akadhani safari zote hizo za ofisini ni mipango ya kumrudisha alikotoka.