Barua kwa mwanangu: funga mzigo kwanza, bei baadae

Mwanangu,

Marahaba. Meseji yako nimeisoma mara mbili. Unaniuliza ile taa ya mezani na ile kamera ya zamani unazotaka kuzinadi mtandaoni uanze na bei gani, ndogo kabisa ili watu wavutike au ile unayoitaka mwenyewe, na posta umtoze mnunuzi au uandike bure. Mimi nitakujibu kinyumenyume, naanza na posta, maana huko ndiko pesa inakopotelea na watu wengi wanaikumbuka mwishoni kabisa, wakati mtu keshashinda mnada na keshalipa.

Kabla hujaandika bei yoyote, funga mzigo. Yaani ufunge kweli, boksi, karatasi za kujazia pembeni, teipu, kila kitu, kama vile unaupeleka leo, alafu uweke juu ya mizani, alafu chukua futi upime urefu, upana na kimo. Usikadirie kwa mkono. Nilishawahi kuuza taa kama hiyo yako, nikainyanyua nikasema hii haizidi kilo 3, nikaandika posta ya kilo 3, na taa ikauzika vizuri tu. Kufika kaunta ya wasafirishaji yule dada mizani hata hakuiangalia sana, akatoa futi. Boksi lilikuwa sentimita 50 kwa 40 kwa 40, maana kile kioo chake cha juu nilikizungushia vitu vingi kisivunjike. Akazidisha akapata 80,000, akagawanya kwa 5,000, akaniambia kilo 16. Nikamwambia mbona mizani inasema 3, akasema wanachukua ile iliyo kubwa. Ndivyo wanavyofanya wasafirishaji wengi wa haraka, wanatoza nafasi ambayo mzigo unakula kwenye gari au ndege, na hiyo 5,000 ndio wengi wanayogawanyia ingawa wengine wana namba yao. Faida yote ikaishia pale, na juu yake nikaongeza zangu. Sitaki yakukute na wewe.

Kwaiyo taa yako itafutie boksi linaloibana vizuri bila kuihatarisha, kioo kifungwe peke yake na kitako peke yake kama vinaachana. Kamera ni ndogo, hiyo haina shida sana.

Sasa posta iwe bure au mnunuzi alipe? Kwenye mnada mimi naona usiandike bure. Kitu cha bei moja isiyopanda wala kushuka sawa, unaijumlisha posta humo humo na mteja anafurahi. Ila kwenye mnada hujui bei itaishia wapi, dau linaweza kulala chini na posta haishuki hata senti moja kwa sababu yako. Mtoze ile halisi na uiandike wazi tangu mwanzo. Na usifanye ule mchezo wa kuweka bei ya kutupa alafu posta ya kutisha, wanunuzi wanajumlisha mwanangu, wakiona hivyo wanapita. Alafu kuna jambo linawapita wengi, kwenye mtandao kama eBay kamisheni yao wanaikata kwenye jumla yote aliyolipa mnunuzi, pamoja na posta, sio kwenye bei ya kitu peke yake. Ukimtoza posta kamili kama ilivyo kaunta bado kuna kipande utakipungukiwa, kihesabu mapema, pamoja na boksi na teipu.

Haya, bei ya kuanzia. Hapa lazima uelewe mnada unavyofanya kazi ndani. Mnunuzi anaandika kiwango chake cha juu kabisa, mtandao unakificha, unampandishia kidogo kidogo pale tu mwingine anapoweka dau la kushindana naye. Maana yake bei ya mwisho inapangwa na yule wa pili, mshindi anamzidi hatua moja tu. Sasa fikiria umeanza na 5, akaja mtu mmoja aliyekuwa tayari kutoa 90, na hakuna wa pili. Anaondoka nayo kwa 5. Ile 90 yake hutakaa uijue. Ndio maana wanaosema anza chini bei itapanda yenyewe wanasema nusu tu ya habari, inapanda wakiwepo wawili.

Kwaiyo nenda kwenye mauzo yaliyokwisha, sio yale yanayoendelea, maana bei anayoomba mtu sio bei aliyopata. Tafuta kamera aina hiyo hiyo na hali hiyo hiyo, uangalie zimeuzwa ngapi na kila moja iligombewa na watu wangapi. Ukikuta kila mara wako watano, sita, anza chini bila woga, dau dogo linawaingiza watu na mtu akishaweka dau anakuwa kama kitu ni chake, hataki kukiachia. Taa nina wasiwasi nayo, wapenzi wake ni wachache, hiyo ianzie kwenye ile bei ambayo hata akija mmoja tu hutalala na kinyongo. Bei ya siri, ile ambayo isipofikiwa kitu hakiuzwi, siipendi, watu wanachoka kubahatisha na mara nyingi unalipia.

Na kama lenzi ina fangasi kidogo, sema, piga na picha. Kitu cha kwanza kuuzwa eBay mwaka 1995 kilikuwa kalamu ya leza iliyoharibika, mwenye mtandao akamwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kwamba ni mbovu, yule akajibu kwamba yeye anakusanya hizo mbovu. Mnunuzi wako yupo, mpe ukweli ili akupate.

Dau likisimama siku ya tatu usihangaike, wengi wanavizia dakika za mwisho, kwaiyo panga mnada uishe jioni ya mapumziko huko waliko wanunuzi wako. Ila nakuomba sana, usimwambie dada yako wala rafiki aweke dau ili kupandisha. Ni udanganyifu, akaunti inafungwa, na yule anayelipa zaidi ni mtu aliyekuamini. Na mzigo ukienda nchi nyingine andika thamani yake ya kweli kwenye fomu ya forodha, wakikuomba uandike zawadi kataa, na mwambie mapema kwamba ushuru ni wake.

Kesho funga taa, upime, unitumie picha ya boksi na zile namba tatu za futi. Nikizipata nakupigia jioni tukae na kalamu tutafute hiyo bei ya chini pamoja, kamera tutaifanya baadae.

Mama yako