Kwa nini mzee wako na ndugu yake wamepishana juma zima

Mombasa, Juni 2026

Mwanangu Zuhura,

Waalaikumu salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mamako asikie. Umeniuliza kuhusu yule mzee wa Kiyahudi unayemtunza huko Toronto. Juzi alikuwa kwenye simu na ndugu yake wa Jerusalem, kila mmoja akataja kisomo cha Torati cha Jumamosi hii. Mzee wako akasema ni wapelelezi wa Musa, ndugu yake akasema ni Kora, ambaye kwetu ni Karuni, yule aliyemezwa na ardhi. Wamepishana juma zima, nawe ukauliza: je, na wao wanagombania mwezi kama sisi?

Hawagombani, lakini umekisia vizuri. Chanzo ni mwezi.

Torati, yaani vile vitabu vitano vya Musa, wameigawa mafungu 54, na kila fungu huitwa parasha. Jumamosi asubuhi husomwa moja kwa mahadhi, kutoka kwenye gombo la ngozi lililoandikwa kwa mkono, na watu saba huitwa mmoja baada ya mwingine kulisimamia. Mwaka ukiisha, siku wanayoiita Simchat Torah, husoma kifo cha Musa, na papo hapo hufungua tena Mwanzo. Nasi tukikhitimu hurudi kwenye Fatiha na aya za mwanzo za Baqara, kwa hiyo jambo hilo halitakushangaza.

Sasa, sikukuu ikiangukia Jumamosi, parasha huwekwa kando na kisomo cha sikukuu hushika nafasi yake. Hapo ndipo ndugu hawa walipoachana. Mwaka huu sikukuu ya Shavuot ilikuwa Ijumaa, 22 Mei. Israeli huiadhimisha siku moja tu. Nje ya Israeli ni siku mbili. Basi Jumamosi ya tarehe 23 mzee wako alikuwa bado sikukuuni, na ndugu yake keshaendelea na parasha ya Naso, katika kitabu cha Hesabu. Mzee aliipata tarehe 30.

Na hizo siku mbili zimetoka wapi? Zamani mwezi ulitangazwa na baraza la Jerusalem. Mashahidi walikuja, wakahojiwa wameuona wapi na umeelekea vipi, ndipo mwezi ukathibitishwa. Habari ilipelekwa kwa mioto iliyowashwa kilima hadi kilima kuelekea Babeli. Mishna, kitabu chao cha sheria, kinasimulia kwamba Wasamaria waliwasha mioto ya uongo kuwavuruga, ikabidi watumwe wajumbe. Mjumbe ana miguu miwili tu. Walioishi mbali hawakujua kama mwezi uliopita ulikuwa wa siku 29 au 30, wakashika siku zote mbili kwa tahadhari. Wewe uliyekua ukingoja redio usiku wa mwezi 29 huhitaji kuelezwa zaidi.

Baadaye waliacha kungoja mashahidi wakategemea hesabu. Mapokeo yao yanamtaja Hillel wa Pili, karne ya 4. Shaka ikaisha, lakini walio mbali waliambiwa washike desturi ya baba zao. Tena Shavuot huhesabiwa kutoka Pasaka, siku hamsini, na kwa muda huo hata mjumbe kiwete angekuwa keshafika! Bado wakaipa siku mbili, ili sikukuu zote zilingane. Mimi napenda uaminifu wa namna hiyo, ingawa najua wewe utauita ukaidi.

Watakutana lini? Yako mafungu yanayoruhusiwa kuunganishwa. Tarehe 27 Juni mzee wako atasomewa parasha za Chukat na Balak kwa mkupuo mmoja, wakati Jerusalem wanasoma Balak peke yake. Tarehe 4 Julai wote wako kwenye parasha ya Pinchas. Kwa hiyo siku hiyo ya 27 usiwahishe chakula cha mchana. Kisomo ni kirefu, na ndani yake yumo punda aliyemsemesha bwana wake.

Swali lako la pili, kwa nini mwaka wao mpya hauzunguki kama Ramadhani. Miezi 12 ya mwandamo ni kama siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Sisi tunauacha uzunguke; Sura ya Tawba imesema miezi ni kumi na miwili, basi. Kwa kilimo na misimu ya pepo wazee wetu wa pwani walikuwa na Nairuzi, mwaka wa jua unaohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, ule ambao Makunduchi bado wanaucheza kwa Mwaka Kogwa. Walitenganisha ibada na shamba. Mayahudi hawakuweza, kwa sababu Torati inaifunga Pasaka na mwezi wa Abibu, shayiri inapokomaa. Mwezi uliwavuta huku na jua kule, wakavipatanisha: katika kila miaka 19, saba huongezwa mwezi wa 13, mwezi wao wa Adari ukawa mara mbili.

Mwaka wao wa 5787, utakaoingia jioni ya 11 Septemba, ni mmoja wapo. Utaona Adari mbili, na sikukuu ya Purimu itangoja ile ya pili. Jumamosi nazo zitaongezeka, kwa hiyo mafungu mengi yaliyounganishwa mwaka huu yatatengana. Ndiyo kazi hasa ya kule kuunganisha: kitabu ni kilekile, mwaka ndio unaorefuka na kufupika.

Sabato yao huanza Ijumaa magharibi, kama sisi tunavyohesabu usiku kabla ya mchana wake. Simu ya Jerusalem haitalia saa hizo, usihangaike.

Nina ombi. Mvulana wao akifika miaka 13 huitwa mbele ya Torati, na wengi husoma parasha ya juma hilo. Muulize mzee, siku asiyochoka, yake ilikuwa ipi na mwaka gani, kisha uniandikie. Nataka kuitafuta tarehe yake kwa hesabu zangu, nione kama nitampata.

Babako