Miaka 13 niliikimbia bahari

Jumamosi iliyopita nilishuka bandarini Malindi, Unguja, nikitokea Dar kwa boti, tena katikati ya msimu wa upepo wa kusi. Kwa wengi hiyo ni safari ya saa mbili hivi ya kwenda kula urojo. Mimi nilitafuta msikiti wa karibu nikasujudu.

Nimezaliwa Unguja. Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama usiku ikielekea Pemba, na kabla majonzi hayajapoa, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar. Humo alikuwemo jirani yetu aliyenifundisha kusoma Kurani. Toka siku ile, boti basi.

Nilijidanganya kuwa kazi zimenibana. Nikiwa na pesa napanda ndege, nikikosa siendi. Halafu bibi akafariki. Simu ilikuja alfajiri, maziko ni baada ya alasiri, ndege zimejaa. Nikakata tiketi ya boti, nikafika mpaka mlangoni, harufu ya dizeli ikanipiga, magoti yakalegea. Boti iliondoka nimekaa kwenye benchi. Jeneza la bibi yangu likatoka nyumbani mimi sipo.

Kwenye khitma shangazi alisema mbele ya watu kuwa Dar imenilevya, siku hizi najiona. Maneno hayo yananichoma hadi leo. Sikumjibu, maana jibu lenyewe lilikuwa "naogopa", na mtoto wa kisiwani anayeogopa bahari nani atamsikiliza?

Nimelifikiria sana lile benchi. Boti ilipoondoka nilishusha pumzi, nikasikia raha, na raha ile ndiyo iliyonifunga. Kila nilipokimbia mwili ulijifunza kuwa kukimbia ndiyo dawa. Nayo hasira kwa shangazi ilikuwa kichaka changu: nikisema siendi kwao kwa sababu yake, sihitaji kusema naogopa. Chunguza hasira zako, ndugu yangu. Ukiifunua moja utakuta woga umejikunyata chini yake.

Nilianza na pantoni ya Kigamboni. Shilingi 200, dakika chache, ng'ambo unaiona. Jumamosi ya kwanza nilishika chuma mpaka vidole vikafa ganzi. Nikarudi Jumamosi ya pili, na ya tatu, kwenda na kurudi. Nilikuwa nikingoja moyo utulie ndipo nipande. Safari hii nilipanda ukiwa unadunda, ukatulia wenyewe njiani. Pumzi pia inasaidia: vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 8, kwani kutoa pumzi taratibu ndiko kunakopunguza mbio za moyo. Anza padogo. Narudia, anza padogo, na urudi tena kesho yake.

Wewe nawe una boti yako. Pengine ni usaili unaoukwepa, pengine ni biashara uliyoipigia hesabu miaka mitatu bila kufungua hata meza. Acha kusema umeumbwa hivyo! Mtafute mtu mmoja umwambie waziwazi kuwa unaogopa. Mimi nilimwambia mama, akalia, akasema alidhani nimemchoka. Miaka yote hiyo mama yangu alidhani nimemchoka. Usimfanyie hivyo mtu anayekupenda.

Karibu na Chumbe boti ilipanda na kushuka, watu wakawa wanaomba mifuko ya kutapikia. Nilikaza macho kwenye mnara wa taa wa kisiwani, nikamsomea Fatiha mwalimu wangu. Nilitetemeka, lakini sikufumba macho.

Baada ya msikiti sikwenda kwa mama kwanza. Nilipanda daladala mpaka kwa shangazi, nikapiga hodi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja na ndege?"

"Nimekuja na boti."

Akatazama viatu vyangu vilivyolowa maji ya chumvi, akanyamaza kitambo. Kisha akanishika mkono, akaniingiza ndani, nikamsimulia yote tangu lile benchi.