Dhahabu ya marehemu mama: mizani inatosha au tutafute mthamini?

SWALI: Mama alifariki akatuachia bangili 4, kidani na pete ya tanzanaiti. Tuko watoto 5. Kaka anasema tupeleke kwa sonara apime gramu, auze, tugawane hela yaishe. Kuna haja kweli ya kumlipa mtu atuthaminishie?

JIBU: Poleni sana dada, Mungu amrehemu mama.

Kwa bangili kaka yako hajakosea sana, kama hazina mawe na mmekubaliana kuuza basi mizani inatosha, ila msiishie kwenye gramu tu. Angalieni muhuri kwa ndani, ndo unaonyesha karati, yaani usafi wa dhahabu, 916 ni karati 22, 750 ni karati 18, 375 ni karati 9. Gramu 40 za karati 22 zina dhahabu safi gramu 36 na ushee, gramu 40 hizohizo za karati 9 zina gramu 15 tu, sa mtu akiwatajia bei bila kutaja karati hapo mnapigwa. Na vitu vya zamani vingi havina muhuri kabisa, mwambieni sonara aijaribu dhahabu kwa jiwe la kusugulia na tindikali au kwa mashine, mbele ya macho yenu.

Pete ndo inahitaji mthamini, tena wa mawe. Sonara anayenunua dhahabu ya kuyeyusha anang'oa jiwe anapima dhahabu peke yake, jiwe anawarudishia au analichukua bure, na mimi nimeshaona watu wanaliacha pale mezani inaniuma kweli. Tanzanaiti haiuzwi kwa gramu za pete, inaangaliwa rangi, usafi, mkato na uzito wake yenyewe, na hiyo karati ya jiwe sio ile ya dhahabu, ni uzito, karati 1 ni gramu 0.2. Ni jiwe laini pia, likivaliwa miaka mingi linachubuka na bei inashuka.

Alafu mwambie mthamini mapema kwamba ni ya mirathi. Tathmini ya bima inaandika bei ya kununua kingine kama hicho dukani, ufundi na faida ya duka vimo, kwahiyo inakuwa kubwa. Ya mirathi ni bei ambayo kingeuzika leo kama kilivyo. Mkichanganya, atakayebaki na pete ya mama atakatwa kwenye fungu lake hela ambayo hata akienda kuuza haipati.

Anayethamini asiwe ndo anayenunua. Na mlipeni kwa kazi, sio asilimia ya thamani, maana asilimia inamvuta apandishe. Karatasi iwe na gramu, karati, vipimo vya jiwe, picha na tarehe, bei ya dhahabu inatembea kila siku, karatasi ya miaka mitatu nyuma haiwasaidii.

Kidani usiruhusu kiyeyushwe kabla hakijaangaliwa, kama ni kazi ya mkono ya zamani kinaweza kuuzika zaidi ya uzito wake. Leo hii pigeni picha kila kitu, mpime mbele ya ndugu wote watano na muandike, ndo kiondoke nyumbani.