Risiti mbili, namba moja: majibu kwa wasomaji wenye MySQL

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mhasibu wa duka la dawa za jumla hapa Morogoro. Mfumo wetu unatumia MySQL 5.7, ile programu ya kutunza data, kwenye kompyuta iliyoko stoo. Juzi mteja amerudisha dawa akiwa na risiti namba 20418. Kuitafuta, nakuta namba hiyo ni ya mtu mwingine kabisa, mauzo ya siku iliyofuata. Bosi ananitazama kwa jicho baya. Kijana aliyetutengenezea mfumo anasema namba inatolewa na seva yenyewe (yaani hiyo MySQL), haiwezi kujirudia. Ninachokumbuka ni kwamba jioni ile nilifuta mauzo matatu ya mwisho kwa sababu bei zilikosewa, nikapanga kuyaingiza upya kesho yake. Usiku umeme ukakatika. Je, kuna uhusiano? (Mhasibu, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Uhusiano upo, tena wa moja kwa moja, na umefanya vizuri kutaja umeme, maana bila hilo ningebaki kubahatisha. Kijana wenu anaamini kitu ambacho watengeneza mifumo wengi wanakiamini, lakini kwa 5.7 si kweli.

Jedwali lenu la mauzo bila shaka lina safu ya AUTO_INCREMENT, ile ambayo seva huijazia namba inayofuata. Katika InnoDB, injini ya MySQL inayohifadhi majedwali, hadi toleo la 5.7, hiyo namba inayofuata ilikaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, haikuandikwa kwenye diski. Ni sawa na karani anayeshika hesabu kichwani: akilala akaamka, hana budi kufungua daftari aangalie mstari wa mwisho. Seva ikizimika na kuwaka, inatafuta namba kubwa kuliko zote iliyobaki kwenye jedwali, inaongeza moja, kazi inaendelea.

Wewe ulifuta 20418, 20419 na 20420. Umeme usingekatika, asubuhi mngeanza na 20421. Seva ilipowaka ikakuta kubwa kuliko zote ni 20417, ikampa mteja wa kwanza 20418. Kwa upande wake haikuvunja kanuni, kwa sababu ndani ya jedwali hakuna mistari miwili yenye namba moja. Karatasi aliyoondoka nayo mteja seva haina habari nayo.

Mwombe kijana afanye jaribio bosi akiwa anaangalia, kwenye kompyuta nyingine isiyo ya mauzo. Atengeneze jedwali dogo, aingize mistari mitatu, aufute wa tatu, aizime seva na kuiwasha, kisha aingize mstari mpya. Kwenye 5.7 mstari huo utapewa 3. Kwenye 8.0 utapewa 4. Jaribio hilo halimalizi dakika kumi na linakusafishia jina kuliko maelezo yoyote nitakayoandika mimi.

Hitilafu hii iliripotiwa mwaka 2003, ikapewa namba 199 kwenye orodha ya hitilafu za MySQL. Tiba ilikuja na 8.0, toleo lililotangazwa kuwa tayari kwa kazi mwezi Aprili 2018. Miaka 15! Inaniuma kila ninapoikumbuka, kwa sababu muda wote huo mwongozo wa MySQL uliieleza tabia hiyo waziwazi, na kasoro ikishaandikwa kwenye mwongozo watu huanza kuiona ni desturi. MariaDB, programu iliyochipuka kutoka MySQL, walitangulia kidogo, kwenye 10.2 ya mwaka 2017. Sasa, katika 8.0, kila kaunta (hiyo namba inayofuata) inapobadilika, badiliko linaandikwa kwenye kumbukumbu ya diski ileile inayotumika kuiokoa seva baada ya kuzimika ghafla. Umeme ukate usikate, inajua ilipofikia.

Lakini tiba iliyotoka 2018 haijafika stoo kwenu. Huduma ya 5.7 ilisimama Oktoba 2023, kwa hiyo hameni. Msiishie 8.0, maana mwisho wake ni Aprili 2026. Pandeni hadi 8.4, ila mpitie 8.0 kwanza kwa sababu kutoka 5.7 hairukwi. Kabla ya yote chukueni bakapu (nakala ya akiba ya data) na mjaribu kuirejesha kwenye mashine nyingine, kwani ukishapanda 8.0 huwezi kushuka. MySQL Shell, programu ya kuiandikia seva amri, ina amri ya util.checkForServerUpgrade() inayokagua vitakavyogoma, kijana wenu aiendeshe. Na aangalie programu inaingiaje kwenye seva: 8.0 ilibadilisha njia ya kawaida ya kuhakiki nywila, na 8.4 imeizima kabisa ile ya zamani isipokuwa uiwashe mwenyewe. Programu ya miaka mingi iliyoandikwa kwa lugha ya PHP inaweza kukataliwa mlangoni siku hiyohiyo.

Jambo moja ningelifanya leo, hata kabla ya kuhama: acheni kufuta risiti. Iwekwe safu ya hali, risiti iliyokosewa iandikwe "batili", na jina la aliyeibatilisha na sababu. Mstari usipofutwa, hitilafu namba 199 haina pa kuingilia.

SWALI: Habari za kazi dada. Sisi tumeshahamia 8.0, lakini namba za ankara zinaruka, kwa mfano 1041 halafu 1043. Mkaguzi anauliza 1042 iko wapi. Je, ni hitilafu mpya? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Salama, ndugu yangu. Hii si hitilafu. Muamala (kazi inayohifadhiwa yote au isihifadhiwe kabisa) unapoingiza mstari, namba inachukuliwa papo hapo. Ukivunjika katikati, mstari unaondoka lakini namba hairudi. Ndivyo ilivyokusudiwa, ili watu wawili wanaoingiza ankara kwa pamoja wasisubiriane. AUTO_INCREMENT inakuahidi namba zisizogongana, haikuahidi namba zisizo na pengo. Mkaguzi akitaka mfululizo kamili, wekeni jedwali dogo lenye namba ya mwisho ya ankara, programu iusome mstari huo kwa SELECT ... FOR UPDATE, amri inayoufunga ili mwingine asubiri, na kuongeza namba yake ndani ya muamala uleule unaoandika ankara. Muamala ukivunjika, vyote viwili vinarudi nyuma. Kutakuwa na kusubiriana kidogo, ila kwa ofisi inayotoa ankara chache kwa saa hamtahisi.

SWALI: Hujambo mwalimu? Niko Kisumu, natunza mfumo wa chama cha akiba. Jedwali la malipo nililitengeneza kwenye MySQL 5.7 na nikaandika sharti la kukataa kiasi kisichozidi sifuri, CHECK (kiasi > 0). Tumehamia 8.4, bado nakuta malipo ya hasi. Nini kinaendelea? (Kijana wa mifumo, Kisumu)

JIBU: Sijambo, mwanangu. Hapa wewe huna lawama hata chembe. Kabla ya 8.0.16, ya Aprili 2019, MySQL ilikuwa inaipokea CHECK bila kulalamika, kisha inaitupa. Haikuonya, haikukataa. Kwangu mimi hilo ni baya kuliko hitilafu inayoangusha seva, kwa kuwa seva ikianguka angalau utajua siku hiyohiyo.

Kuhama hakukusaidii kwa sababu sharti lako halikuwahi kuhifadhiwa. Andika SHOW CREATE TABLE malipo, utaona halimo. Inabidi uliongeze upya kwa ALTER TABLE malipo ADD CONSTRAINT kiasi_chanya CHECK (kiasi > 0), na hapo seva itagoma kwa kosa namba 3819, kwa kuwa mistari mibovu tayari imo. Usiibadilishe kimyakimya ili amri ipite. Hizo ni pesa za wanachama. Toa kwanza orodha ya malipo yote ambayo kiasi ni sifuri au chini yake, ikae na tarehe na jina la aliyeyaingiza, umpelekee mweka hazina. Mengine yatakuwa marejesho yaliyoandikwa kwa alama ya kutoa, na hayo yanastahili jedwali lake. Yakishasahihishwa kwa idhini yake, rudia ALTER TABLE, kisha jaribu mwenyewe kuingiza malipo ya hasi 500 uone yanavyokataliwa. Fanya hivyohivyo kwa kila jedwali ulilotengeneza enzi za 5.7.